Faili Lisilocheza Si Lazima Liwe Bovu: Jinsi Pleya Inavyopaswa Kulikagua

Ukikaa kidogo kwenye kibanda chochote cha kuweka nyimbo pale Ngamiani, Tanga, utalisikia neno "bovu" kila mara. Dereva wa bajaji analeta flashi yake, nyimbo kadhaa hazilii kwenye redio, anaambiwa mafaili mabovu. Mama analeta memori kadi yenye video ya harusi ya mwanawe, simu inagoma kuifungua, kijana anamwambia: "Shangazi, hili limeshakufa. Nilifute upate nafasi?" Mama wa watu anakubali, kwani anayemwambia ndiye anayejua mambo ya kompyuta.

Huenda faili lile halikufa hata kidogo. Yapo mafaili mazima ambayo kifaa tu hakijui kuyafumbua. Yapo yaliyokatika njiani lakini yanaokoleka. Yapo ambayo tangu siku ya kwanza hayakuwa nyimbo wala video. Pleya nyingi huyatupa yote kwenye ujumbe mmoja, "haliwezi kuchezwa", na kutoka hapo mtu anafuta kitu ambacho hatakipata tena. Kanda za taarabu za vikundi vya Black Star na Lucky Star vya hapa Tanga zilizotiwa kwenye kompyuta na wenyewe majumbani zinapotea hivyo hivyo, na hilo linaniuma.

Siku hizi vijana wengi wanajifunza kuandika programu, na pleya ya muziki au video ni kazi ambayo mwanafunzi huitamani mapema. Makala haya ni kwa ajili yao, na kwa yeyote aliyewahi kuambiwa faili lake bovu bila kupewa sababu. Msimamo wangu ni kwamba pleya isiyoweza kusema kwa nini faili halichezi bado haijamaliza kazi.

Tuelewane kwanza maneno

Chukua kontena linaloshushwa Bandari ya Tanga. Lenyewe ni sanduku la chuma tu. Ndani mna mizigo ya aina mbalimbali, iko hati inayosema mzigo gani umewekwa wapi, na nje pamebandikwa kibandiko. Faili la video limejengwa vivyo hivyo.

Sanduku tuliite kasha. MP4, MKV, AVI, WAV na Ogg ni aina za makasha. Ndani ya kasha mna mzigo wa picha na mzigo wa sauti, na kila mmoja umebanwa kwa njia yake ili usichukue nafasi kubwa. Njia hiyo ya kubana na kufumbua ndiyo kodeki. Upande wa picha kuna H.264 ya mwaka 2003, H.265 ya mwaka 2013, AV1 ya mwaka 2018. Upande wa sauti kuna MP3, AAC, Opus na nyinginezo. Ile hati ya shehena tutaiita faharasa. Kibandiko cha nje ni kiendelezi, zile herufi zinazofuata nukta kwenye jina la faili.

Sasa utaona kwa nini watu wawili wanabishana bure. Mmoja anasema, "Simu yangu inacheza MP4, kwa hiyo faili lako ndilo bovu." Lakini MP4 ni jina la kasha, na kasha hilohilo linaweza kubeba H.264 au H.265. iPhone 7 na zilizofuata, kuanzia mfumo wa iOS 11 wa mwaka 2017, zinaweza kurekodi kwa H.265. Video hiyo ukiipeleka kwenye televisheni ya zamani, au redio ya gari yenye kioo, kasha linafunguka, sauti pengine inatoka, picha haionekani. Faili halina kasoro yoyote. Kifaa ndicho hakina kodeki.

Hapohapo ndipo inapoanguka imani ya kwamba ukibadili kiendelezi faili litacheza. Kubandua kibandiko cha mchele ukabandika cha sukari hakugeuzi kilichomo ndani. Mara chache mbinu hiyo hufanikiwa, pale pleya ilipokuwa inalikataa faili kwa sababu ya jina peke yake, na mafanikio hayo machache ndiyo yanayoiweka imani hai. Kubadilisha kweli ni kufumbua mzigo wote na kuubana upya kwa kodeki nyingine, kazi inayochukua muda na inayopunguza ubora kidogo.

Anza na baiti za mwanzo

Mwandika programu anayeanza huandika kwamba kama jina linaishia na mp3, basi lichezwe. Jina tusilitegemee. Fungua faili, soma baiti chache za mwanzo (baiti ni kipimo kidogo cha data, chenye biti nane, yaani sifuri au moja nane), uone limejitambulishaje lenyewe.

WAV na AVI huanza na herufi RIFF, zikifuatiwa na baiti nne za ukubwa, halafu neno WAVE au AVI. Ogg huanza na OggS. FLAC, aina nyingine ya faili la sauti, huanza na fLaC. MKV huanza na baiti 1A 45 DF A3, zikiandikwa kwa heksadesimali, namna ya kuandika namba kwa tarakimu na herufi A hadi F. Katika MP4, baiti ya tano hadi ya nane kwa kawaida ni ftyp, ingawa mafaili ya zamani ya QuickTime, kasha la Apple linalofanana na MP4, yanaweza kukosa alama hiyo na bado yakawa mazima.

MP3 inahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu haina kasha la maana. Ni msururu wa vipande vidogo, na kila kipande kwenye wimbo wa kawaida wa sampuli (vipimo vya sauti) 44,100 kwa sekunde kina urefu wa kama milisekunde 26. Mara nyingi mwanzoni huwekwa lebo ya ID3 yenye jina la wimbo na picha ya jalada, na inabidi uiruke. Kisha unatafuta alama ya mwanzo wa kipande, baiti FF ikifuatiwa na baiti ambayo biti zake tatu za kwanza ni moja. Baiti mbili kama hizo zinaweza kutokea kwa bahati ndani ya faili lolote, hata la picha. Basi piga hesabu ya urefu wa kipande kutokana na kichwa chake, yaani maelezo mafupi yaliyo mwanzoni mwake, ruka hadi pale kipande kinachofuata kinapopaswa kuanza, uangalie kama alama ipo tena. Ikipatikana mara tatu au nne mfululizo, hiyo ni MP3.

Hatua hii peke yake inanasa kisa kinachojirudia sana kwenye nyimbo za kupakua. Mtu ana faili linaloitwa kwa jina la wimbo, mwisho wake mp3, ukubwa wake kilobaiti chache tu. Ukisoma baiti za mwanzo unakuta <!DOCTYPE html>. Ni ukurasa wa wavuti. Tovuti ilitoa ujumbe wa kosa, programu ya kupakua ikauhifadhi kwa jina la wimbo. Hakuna cha kutengeneza hapo na hakuna kilichoharibika, wimbo haukuwahi kufika. Mwambie mtumiaji hivyo hivyo: "Hili ni ukurasa wa intaneti, pakua upya."

Usisahau pia faili lenye baiti sifuri, na lile lenye ukubwa kamili lakini ndani limejaa sifuri tupu. Hayo huja pale flashi inapochomolewa kabla kompyuta haijamaliza kuandika. Mshale wa kunakili ulifika mwisho kwenye kioo, ila data ilikuwa bado iko kwenye kumbukumbu ya kompyuta ikisubiri zamu.

Faharasa, mahali penye majonzi mengi

Hapa ndipo video za harusi zinapopotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

MP4 imejengwa kwa visanduku vinavyofuatana. Kila kisanduku huanza na baiti nne za ukubwa na baiti nne za jina. Kinachoitwa mdat hubeba picha na sauti zenyewe. Kinachoitwa moov ndicho faharasa: fremu (picha moja moja ya video) ya kwanza iko wapi, ya pili iko wapi, kodeki ni ipi, video ni dakika ngapi. Kamera na simu nyingi huandika mdat wakati wote wa kurekodi, na moov huandikwa mwisho kabisa, pale unapobonyeza kitufe cha kusimamisha.

Mpiga video yuko ukumbini, bi harusi anaingia, betri inazima. Saa nzima ya picha imo ndani ya kadi, ila faharasa haikuandikwa. Pleya inafungua kasha, inatafuta moov, haioni, inasema faili bovu. Mtu akiangalia ukubwa anaona gigabaiti kadhaa na anashangaa mbona halichezi.

Picha zipo. Zipo programu, mojawapo ikiitwa untrunc, zinazochukua faili zima lililorekodiwa na kamera ileile kwa mpangilio uleule, zikalitumia kama kielelezo cha kujenga upya faharasa iliyokosekana. Haifanikiwi kila mara, lakini kwa nini mtu anyimwe nafasi ya kujaribu? Ila kadi isiandikwe kitu kingine kabla ya kunakiliwa.

Kwa mwandika programu, ukaguzi ni rahisi. Tembea kisanduku kwa kisanduku kwa kufuata ukubwa wao. Ukubwa ukisomeka 1, ukubwa halisi uko kwenye baiti nane zinazofuata jina. Ukisomeka 0, kisanduku kinafika hadi mwisho wa faili. Ukimaliza faili bila kukutana na moov, unajua tatizo ni nini. Na kama mdat inadai ukubwa unaozidi faili lenyewe, faili limekatwa.

Kuna hali iliyo kinyume na hiyo, nayo huwadanganya wengi. Video zilizoandaliwa kwa ajili ya intaneti huwekewa moov mwanzoni ili zianze kuchezwa kabla hazijashuka zote. Bando likiisha katikati ya kupakua, unabaki na faharasa kamili na mzigo nusu. Faili linafunguka vizuri, linaonyesha dakika 40, linacheza hadi ya 18, linasimama. Pleya iliyokagua faharasa tu iliona kila kitu ni sawa. Ndiyo maana inafaa kuangalia fremu ya mwisho inayotajwa kwenye faharasa kama kweli mahali pake pamo ndani ya faili.

WAV nayo ina ugonjwa wake, na wanaotia kanda za zamani kwenye kompyuta wanaujua. Kichwa cha WAV hubeba namba ya ukubwa wa sauti, na programu ya kurekodi huijaza mwishoni. Umeme ukikatika katikati, namba inabaki sifuri. Kanda ya dakika 60 kwa ubora wa CD ni kama megabaiti 635, na zote zimo diskini, lakini pleya inasoma kichwa na kusema wimbo una urefu wa sekunde sifuri. Pleya nzuri inalinganisha namba ya kichwa na ukubwa halisi wa faili, na inapoona zinapishana mno inacheza hadi mwisho wa faili. Hilo ni mistari michache ya programu, na linaweza kuokoa upande mzima wa kanda.

MP3 iliyokatwa, kwa kulinganisha, inalia bila shida hadi pale ilipokatika, kwa sababu kila kipande kina kichwa chake na hakuna faharasa ya kusubiriwa.

Kukiuliza kifaa

Kasha limefunguka, faharasa imesomwa, kodeki imejulikana. Swali linalofuata linakihusu kifaa: je, kinaweza kuifumbua?

Kwenye Android unaweza kuipitia orodha ya kodeki ambazo simu inazo kwa kutumia MediaCodecList. Kwenye pleya ya kivinjari kuna canPlayType, na majibu yake yanafundisha: hujibu "yaelekea", au "labda", au maneno matupu yenye maana ya hapana. Hakuna jibu la "ndiyo". Waliounda kanuni za HTML walijua kwamba kabla ya kucheza, hakuna anayeweza kuahidi.

Na ni kweli, kwa sababu hata ndani ya kodeki moja kuna daraja. H.264 inayotumia biti 8 kwa kila rangi inachezwa karibu kila mahali, lakini ya biti 10 inashinda chipu za simu nyingi ingawa jina la kodeki ni lilelile. Kwa hiyo usiishie kwenye jina, soma na daraja, ukubwa wa picha na idadi ya fremu kwa sekunde. Zana ya ffprobe, inayokuja na mradi wa FFmpeg ulioanzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2000, hukupa habari hizo zote kwa amri moja.

Mafaili yaliyofungwa kwa ufunguo wa hakimiliki yanahitaji jibu lao peke yake. Ni mazima na kodeki ipo, ila bila ufunguo hayafumbuliwi.

Kipimo cha mwisho ni kucheza

Ukaguzi wote huo unatabiri tu. Ushahidi unapatikana kwa kufumbua. Kulifumbua faili zima kunawezekana:

ffmpeg -v error -i faili.mp4 -f null -

Amri hiyo hufumbua kila kitu bila kuonyesha chochote, na hutaja makosa tu. Kwa kanda za kuhifadhi, naishauri kwa moyo wote, hata ikichukua usiku mzima. Kwa pleya ambayo mtu amechomeka flashi ya nyimbo 800 na anataka kusikia sasa hivi, haifai. Fumbua sekunde chache mwanzoni, chache katikati, chache karibu na mwisho, tena kwa yale mafaili yanayokaribia zamu yao tu.

Halafu, kosa moja lisilitie faili hukumuni. Fremu mbili zilizochafuka katika video ya saa moja huonekana kama vipande vya rangi kwa kitambo kisha hupotea. Mimi ningeliita faili hilo zima lenye doa, na ningeliacha liendelee.

Wakati wa kucheza, makosa mengi huja baadaye, baada ya programu yako kudhani mambo yametulia. Sikiliza taarifa za makosa hadi mwisho wa wimbo. Kwenye kivinjari kosa huja na namba yake: 2 ni kosa la mtandao, 3 ni la kufumbua, 4 ni chanzo kisichoweza kuchezwa. Angalia hiyo namba 4, maana hutokea pia pale faili lenyewe halikupatikana, kwa hiyo isitafsiriwe moja kwa moja kuwa kodeki haipo. Android nayo ina namba zake: -1004 kwa kusoma, -1007 kwa faili lililoharibika umbo, -1010 kwa aina isiyowezekana.

Kuna mafaili ambayo hayatoi kosa lolote. Yanasimama tu. Weka mlinzi anayeangalia mahali wimbo ulipofika: kama hakuna kilichosogea kwa sekunde kadhaa, mtumiaji hakubonyeza kusimamisha, na pleya haisubiri data kutoka mtandaoni, basi mfumbuaji amekwama.

Je, ni virusi?

Swali hili huulizwa kila siku vibandani. Faili lisilocheza kwa kawaida halina uhusiano wowote na virusi. Ila imani hiyo ina kokwa ya ukweli. Mwaka 2015 ilitangazwa kasoro iliyoitwa Stagefright ndani ya sehemu ya Android inayofumbua media, ambapo video iliyotungwa kwa hila iliweza kumpa mshambuliaji nafasi ndani ya simu. Mwaka uliofuata, Android 7 iliigawa kazi ya media katika michakato kadhaa (kazi zinazoendeshwa kila moja peke yake) yenye ruhusa finyu.

Mwandika pleya achukue funzo hilohilo. Kazi ya kukagua na kufumbua iendeshwe katika mchakato wake wenyewe, wenye kikomo cha muda na cha kumbukumbu. Faili la ajabu likiuangusha mchakato huo, pleya inabaki hai, inaandika kilichotokea, inaendelea na wimbo unaofuata.

Flashi ikichomolewa

Kisa cha mwisho hakimo kwenye vitabu vingi vya kujifunzia. Sherehe imepamba moto, mtu anagusa kompyuta, flashi inatoka. Pleya inajaribu wimbo unaofuata, inashindwa, inaruka, inashindwa tena, na katika kufumba na kufumbua imeshayawekea mafaili yote 800 alama ya ubovu. Kama kitufe cha kurudia kimewashwa, itazunguka orodha bila kikomo na kompyuta itaanza kuunguruma kwa joto.

Faili la kwanza likishindwa kwa kosa la kusoma, uliza kwanza kama flashi yenyewe bado ipo. Mafaili matatu mfululizo yakishindwa papo hapo, simamisha, umwambie mtumiaji aangalie flashi. Na ukifanya mzunguko mzima bila hata moja kucheza, acha kujaribu.

Matokeo ya ukaguzi yahifadhiwe pamoja na ukubwa wa faili, tarehe lilipobadilishwa, na toleo la mfumo wa kifaa. Kimoja kikibadilika, kagua upya, kwa sababu faili lililokuwa linapakuliwa asubuhi huenda limekamilika jioni, na simu iliyokosa kodeki mwezi uliopita huenda imesasishwa.

Kuhusu maneno ya kumwonyesha mtu, yanatosha machache yaliyo wazi: "Halijakamilika, nakili upya kutoka lilikotoka." "Ni zima, ila simu hii haina uwezo wa kulicheza, jaribu kwenye kompyuta." "Faharasa imekosekana, usilifute, usiandike kitu kingine kwenye kadi." "Si faili la muziki." "Limefungwa kwa ufunguo." Na kitufe cha kufuta kisiwekwe kabisa kwenye ujumbe huo.